Kamba za Binti wa Fundi Viatu

Kila asubuhi fundi viatu alipiga goti mbele ya binti yake wa miaka saba. Si kwa heshima. Alikuwa akimfunga kamba za viatu.

"Baba, nijaribu?"

"Huwezi wewe. Tunachelewa, lete mguu."

Mtoto wa fundi viatu, na kufunga viatu hajui! Wateja walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta.

Siku moja binti alirudi kutoka shuleni analia. Ijumaa mwalimu wa michezo angechagua watoto wa mbio. Asiyeweza kujifunga kamba hakimbii. Na binti huyu alikimbia kama aliyekanyaga moto.

"Mimi siwezi," alisema.

"Kweli, hawezi," baba akaunga mkono.

Jirani yao, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameleta kandambili zake zishonwe.

"Fundi, usiseme hawezi. Sema hajaweza."

"Si ni yale yale?"

"Mkeo akikuuliza kama umekula, unamjibu 'sili'?"

"Nife njaa? Nasema 'sijala'."

"Na sahani inakuja. Ukisema 'sili', vyombo vinaoshwa. Ukimwambia mtoto hawezi, naye anazima jiko lake mapema."

Mama alicheka kutoka ndani. "Jirani, tangu anioe huyu hajawahi kusema 'sili'."

"Basi mwonyeshe polepole," jirani akaendelea. "Akikosea, arudie. Akipata hata kidogo, sifu juhudi yake. Na mikono yako ikae mbali."

Hilo la mikono ndilo lilikuwa gumu. Fundi aliikalia. Binti alifunga kamba, kumbe amefunga kiatu kwa kiatu. Akaanguka.

"Siwezi."

"Hujaweza," baba alisema, jasho likimtoka. "Lakini fundo la kwanza umelikaza vizuri. Rudia."

Akarudia jioni ile, na jioni zilizofuata.

Ijumaa binti aliinama uwanjani. Wenzake walimaliza, yeye bado. Nje ya uzio baba alikuwa akifunga kamba hewani kwa vidole.

"Mzee, unamwita nani?" mlinzi akamuuliza.

Binti akasimama. Kitanzi kimoja kilikuwa kikubwa kama sikio la punda, kingine hakikuonekana vizuri. Mwalimu akavuta kamba. Haikulegea.

"Haya, kimbia."

Alikimbia, akachaguliwa.

Jioni, fundo lile lilikataa kufunguka. Baba akashika kisu cha kukatia ngozi.

"Rudisha kisu," mama alisema. "Mwenyewe yuko kazini."

Binti hakuwasikia. Alikuwa na kamba katikati ya meno, na fundo lilikuwa limeanza kulegea.