Joto la Chumba cha Mijusi

Maiti ilikuwa imelala ubavu nyuma ya mlango, mdomo umeelekezwa kwenye uwazi mwembamba wa chini, pale hewa inapopita. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Shati lake lilikuwa limelowa jasho likakauka, likaacha michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Kwenye rafu zilizomzunguka, mijusi wake walikuwa wamekufa pia, kila mmoja ndani ya sanduku lake la kioo.

Inspekta aliingiza kichwa, akakitoa. Kilikuwa chumba cha nyuma, paa la bati, dirisha limezibwa kwa mbao ili jua lisipige vioo. Balbu za joto zilikuwa zinawaka juu ya kila sanduku, mchana kweupe, siku ambayo hata mbwa wa mtaani walikuwa wamejificha chini ya magari.

"Koplo, ingia uhesabu vielelezo."

Koplo alikuwa mwanamke aliyewahi kumkamata jambazi mwenye panga kwa mikono mitupu. Alitazama masanduku yale, akarudi hatua moja nyuma.

"Afande, mimi na wadudu hawa hatupatani."

"Si wadudu. Na wamekufa."

"Ndiyo wanazidi kutisha."

Akaingia hata hivyo, amejikunyata, huku anapiga picha. Chumba kilikuwa na milango miwili kwenye fremu moja: wa wavu na wa mbao. Swichi zote zilikuwa nje, ukutani kwenye korido. Ya feni imezimwa, ya balbu imewashwa. Komeo la mlango wa mbao nalo lilikuwa nje, na mke wa marehemu, ambaye ndiye aliyeita polisi, alisema alilikuta limefungwa.

"Mtu hajifungii kwa nje," Koplo alisema. "Labda jini."

"Jini hazimi feni."

Daktari wa polisi alipiga magoti kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo, akaeleza, na dawa zake humlewesha mtu usingizi. Joto lilimkuta amelala. Kisha akainua mkono wa maiti awaonyeshe. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

"Aliamka," daktari alisema. "Aligonga."

Nyuma ya rafu ya mwisho Inspekta alikuta mkeka na mto mdogo wenye foronya ya maua. Karibu na mto kulikuwa na kopo la nyenje, wamejaa tele. Alivitazama vitu hivyo kwa muda, akamwambia Koplo avipige picha. Kwenye rafu ya karibu na mlango palikuwa na nafasi moja, mraba safi katikati ya vumbi. Sanduku moja lilikuwa limeondolewa.

Mjane alikuwa sebuleni, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Vipande vya kitambaa cha buluu vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Ukutani kulikuwa na picha ya msichana wa miaka tisa anayecheka bila meno mawili ya mbele. Mtoto wa pekee, Koplo alikwisha nong'ona, waliyempata baada ya kukata tamaa. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Homa ilimchukua msimu uliopita wa joto.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

"Leo mchana ulikwenda wapi?"

"Kwa dada. Nilipeleka sare."

"Mumeo ulimwacha hapa?"

"Hapana. Aliniaga, anakwenda kununua nyenje. Chakula chao."

"Alikwenda kila siku?"

"Kila mchana."

"Komeo alilifunga nani?"

"Komeo hufungwa siku zote, Afande. Mijusi wakitoka ni kazi kuwarudisha."

Aliulizwa nani, akajibu desturi. Inspekta hakumsukuma. Aliomba maji ya kunywa, na alipoona anataka kuinuka akamzuia, akaenda jikoni mwenyewe.

Jikoni kulikuwa na giza na ubaridi kidogo. Nyuma ya ndoo za maji, kwenye saruji tupu, pembe ambayo jua halifiki hata kwa bahati mbaya, alikuta sanduku la kioo. Ndani yake mjusi mwenye madoa alimtazama, akalamba jicho lake mwenyewe. Hakuwa na mkia, ila kigutu. Kwenye maficho yake, kigae kilichopinduliwa, mtu alikuwa ametia kitambaa kibichi. Kilikuwa cha buluu.

Inspekta alikunywa maji yake polepole. Koplo, aliyemfuata, alikiona kitambaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta aliweka kikombe chini. Kwa miaka yote ya kazi hakuwa amezoea dakika hii, na hakutaka kuizoea.

Ng'ambo ya ukuta aliishi fundi wa kuchomelea mageti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliongea huku anafuta mikono isiyofutika. Biashara ya jirani yake aliijua kwa moyo, kwani mahubiri kwa wateja yalivuka ukuta kila wiki. Akayatoa yote bila kuombwa: mjusi mchague kwa mkia, mnene, maana akiba yake ya chakula iko humo. Mtazame macho, yawe maangavu. Muuzaji amlishe mbele yako, umwone anakula. Na nchi yenye joto kama hii usimwekee balbu mchana, utamchemsha. Mpe upande wa kivuli, maficho yenye unyevu, hewa ipite.

"Na asiye na mkia?" Inspekta aliuliza.

"Huyo hauzwi. Huyo alichaguliwa na marehemu binti yake. Baba anamwambia, mwanangu, mwenye mkia uliokatika mwache, yeye anasema, sasa akiachwa na kila mtu atakwenda wapi? Akamnunulia. Mtoto alikuwa analala chini kule ndani, kwenye mkeka, anamtazama mpaka anapitiwa na usingizi."

"Leo mchana ulisikia nini?"

Fundi aliacha kufuta mikono.

"Nilisikia kugonga. Na jirani anamwita mkewe."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha mashine."

"Ulisikia mtu anagonga, ukawasha mashine?"

"Afande, nyumba ile tangu msiba ilikuwa kimya. Kimya cha kutisha. Leo namsikia mwanamume anampigia mkewe kelele, nikasema afadhali. Wamegombana, walau wanaongea. Mambo ya mke na mume, mimi nitie pua?" Akakaa chini juu ya geti aliloliacha nusu. "Ukuta huu naupanda kwa hatua moja," alisema.

Inspekta alimuuliza maneno yenyewe yaliyosemwa. Fundi akayarudia, na Koplo akayaandika.

Kituoni, mwanamke alisomewa haki zake. Alisema amezisikia na hahitaji mtu wa kumsemea. Inspekta aliweka picha ya sanduku la jikoni mezani.

"Ulimtoa huyu kwanza."

"Ndiyo."

"Kwa nini huyu?"

"Huyu ni wa mtoto. Hana kosa."

"Wengine walikosa nini?"

Hapo ndipo macho yake, makavu tangu polisi walipofika, yalipoanza kuwa mekundu. Akaeleza bila kusitasita, kama mtu anayeshusha mzigo uliomkata mabega. Siku ile ya homa yeye alikuwa kwenye duka la vitambaa. Umeme ulikatika. Mumewe alikuwa anakimbia huku na huku na chupa za barafu, anapoza masanduku. Mtoto alitoka kitandani, akamwambia, baba, nasikia joto. Akajibiwa kwamba leo kila mtu anasikia joto, nenda kalale. Akaenda. Hata mara moja tu mtoto yule hakuwahi kuwa mtiifu hivyo.

"Kila sanduku lina kipimajoto, Afande. Kila mjusi joto lake linajulikana. Mwanangu alikuwa chumba cha pili anaungua, na hakuna aliyemgusa hata kipaji cha uso. Mimi ndiye niliyefungua mlango nikamkuta."

"Mumeo alisema nini?"

"Hajasema. Tulizika, tukarudi, akaingia kwa mijusi wake. Nikimtazama naona mtu aliyemsahau mwanawe. Leo nikazima feni, nikawasha balbu. Nilitaka naye arudi, afungue mlango, akute. Basi. Nilitaka ajue kufungua mlango kunavyokuwa."

"Hukuangalia ndani?"

"Sanduku lilikuwa karibu na mlango. Nilinyoosha mkono tu. Komeo, mkono ulilifunga wenyewe. Niliporudi nikataka kuona kama wamekufa. Mlango haukufunguka vizuri, kitu kizito kilikuwa kimeuzuia."

Koplo aliacha kuandika.

"Alikuwa anafanya nini mle?" mwanamke aliuliza. "Aliniaga."

Swali hilo Inspekta alikuwa analiogopa tangu alipouona mkeka. Angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Polisi wana maneno ya kutosha ya kujifichia. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na alionelea huyu amenyimwa vya kutosha. Akamwambia kwamba nyenje walikuwepo, kopo zima. Mumewe hakuwa anakwenda kununua chochote. Kila mchana alikuwa anazunguka nyumba, anaingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba, na kulala kwenye mkeka wa mtoto, kichwa kwenye mto wa mtoto.

Mwanamke alishika ukingo wa meza.

"Angeniambia," alisema. "Tungelala wote."

Baadaye sana akauliza, "Aliniita?"

"Fundi alimsikia."

"Aliniitaje?"

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Kwa sababu tangu tuzike hajaniita. Ananiambia wewe, au anakohoa tu nigeuke. Jina langu alilizika na mtoto."

Koplo alitazama maelezo ya fundi yaliyokuwa mbele yake, kisha akamtazama Inspekta, macho yanamwomba asiseme. Inspekta aliichukua ile karatasi, ingawa maneno yalikuwa machache na aliyakumbuka.

"Alisema, 'Mama Chiriku, nifungulie. Mama Chiriku.' Aliendelea hivyo mpaka mashine ilipowashwa."

Mwanamke aliinua uso, akautazama mlango wa ofisi uliofungwa.

"Abee, Baba Chiriku," akaitika.