Zamu ya Chupa ya Kijani

Ilikuwa Mei ya mwaka 1982. Mvua za masika zilikuwa zimekatika, ukungu ulikalia Mlima Kwaraa hadi saa nne asubuhi, na madimbwi ya kandokando ya ziwa la Babati yalijaa viluwiluwi vya mbu. Mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa, fedha za kigeni hazikuwapo, na zahanati moja ndogo huko Maisaka ilikuwa imebakiwa na dumu moja la dawa ya maji ya klorokwini: lita nne.

Mektilda, muuguzi aliyegawa dawa dirishani, alikuwa na mwanawe, Hilary, amelala nyumbani kwa malaria. Angeweza kumchukulia dawa kabla ya wengine. Hakufanya hivyo. Aliiweka chupa ya Hilary kwenye foleni kama mzazi mwingine yeyote.

Siku hizo foleni haikuwa ya watu. Kila mmoja alileta chupa yake iliyooshwa, akaiziba kwa gunzi, akaipanga ukutani, kisha akaenda kupanga foleni nyingine ya sabuni au sukari. Chupa ilimshikia mwenyewe nafasi, na hakuna aliyethubutu kuiruka.

Asubuhi ile chupa ya kwanza ilikuwa ya kijani. Jana yake jioni Mektilda aliikuta imebaki peke yake ukutani, akaifungia kabatini. Sasa ilikuwa nje, mbele ya zote. Gunzi lake lilikuwa limelowa mate na lilikuwa na alama za meno.

"Ya nani hii?"

"Mwenyewe atakuwa kwenye sabuni," alisema Genoveva, mkulima wa Nangara aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Akirudi atakuta kakosa vyote viwili."

Wachache walicheka.

"Basi naanza na inayofuata."

"Hapana, nesi," alikataa Genoveva. "Leo ukiruka hiyo, kesho utaruka yangu. Kwani inayofuata ni ya nani?"

Inayofuata ilikuwa ya Hilary. Mektilda aliona aibu, akaichukua ile ya kijani.

"Mama Hilary," aliita kwa sauti ya chini Mzee Hatibu, muuza vitambaa, aliyempakata mjukuu wake. "Usimimine. Muulize kwanza mwenye chupa jina la mgonjwa."

"Shikamoo, babu. Mwenyewe hayupo."

"Ndiyo maana nakwambia."

Lakini wote walikuwa wakimtazama. Chupa ilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Mektilda alilitoa gunzi, harufu ya manyoya yaliyoungua ikamjia, akainamisha dumu ili amimine kipimo kimoja cha mtoto, na dawa ikaingia, ikaendelea kuingia, na kutoka ndani ya kioo likasikika koo likimeza, polepole, bila kupumua, naye akataka kuinua mkono na mkono haukuinuka, na watu wa foleni, ambao wangepiga kelele kama angeruka chupa moja, walibaki wakisikiliza chupa ya robo lita ikinywa lita nne hadi dumu likawa jepesi mikononi mwake kama ganda la yai.

Hatibu alimkabidhi Genoveva mjukuu wake, akavua kilemba, akaizungushia chupa na kusoma Ayatul Kursi, midomo ikiwa karibu kabisa na kitambaa. Aliporudia mara ya tatu, kioo kilipasuka chenyewe. Ndani hamkuwa na tone, ila vumbi kavu.

"Aliyekuwamo kaondoka?" aliuliza Mektilda.

"Kaondoka. Alipanga foleni, akapewa zamu yake."

"Na dawa?"

Mzee alimpokea mjukuu wake, akamfunika miguu.

"Ameshiba," alisema.

Mektilda alifuta dirisha. Kisha, kwa mazoea, akasema, "Inayofuata," akaichukua chupa ya Hilary, akainamisha dumu juu yake. Alilishika hivyo kwa muda. Halikutoa hata tone.

Dumu jingine lilifika kutoka Arusha mwishoni mwa Juni. Tangu hapo kila mtu alisimama foleni mwenyewe, na chupa isiyo na mtu iliachwa ukutani bila kuguswa. Hilary alikuwa amezikwa, na mjukuu wa Mzee Hatibu pia. Kwa hesabu ya makaburi ya Maisaka na Nangara, zamu ile iligharimu watoto kumi na mmoja.