Magunia Manne ya Mchanga

Kabati lilishushwa salama, mwenye nalo akashukuru, na jua likazama dereva Taratibu akiwa bado ng'ambo ya mteremko. Watu walimpa jina hilo kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kubeba mizigo hakuwahi kugonga hata kuku. Pikapu yake ilikuwa ya kizamani, ya kusukumwa na matairi ya nyuma, na sasa mgongoni haikuwa na kitu.

Mawingu yalikuwa yamefunga.

"Rudi, usilale huko," mkewe alimwambia kwenye simu. "Ila ukifika pale... mtaje Mungu."

Pale hapakuhitaji jina. Miezi minne nyuma, katika mvua kama iliyokuwa ikija, binti yao wa pekee aliserereka pale na pikapu hiihii hadi korongoni. Gari lilitengenezeka. Yeye, hapana.

Mtaa mzima ulimjua aliyemloga. Nani tena kama si shangazi yake, dada wa Taratibu? Siku mbili kabla walikuwa wamegombana, na shangazi akasema mbele za watu, "Utaniona!" Basi likawa ndilo. Mlango wake ulipigwa mawe. Mke wa Taratibu alimtemea mate usoni. Shangazi akajitwisha godoro lake, akaondoka, wala hakuna aliyeuliza aendako.

Taratibu alisimama pale pale akitazama viatu vyake.

Maana yeye alijua jambo jingine.

Gari la namna ile likiwa tupu, nyuma huwa jepesi kama karatasi. Penye utelezi matairi hayashiki. Ndiyo maana kila msimu wa mvua alilaza magunia manne ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Jioni moja akayashusha ili apakie viti vya harusi. Alirudi amechoka. Akasema, nitayapandisha kesho. Asubuhi, yeye akiwa bado kitandani, binti akachukua ufunguo.

Hakumwambia mtu. Na tangu siku ile hakuweza kuyagusa magunia yale.

Mvua ilimkuta juu ya mteremko. Akaweka gia ya pili, akashuka polepole. Katikati ya kona, mkia wa gari ukateleza nje.

Kwanza kidogo. Kisha wote.

Korongo likajaa kwenye kioo cha mbele. Mguu ukarukia breki...

"Baba, usikanyage."

Mguu ukaganda hewani.

"Achia mafuta. Usukani upeleke kule mkia unakokwenda. Usiukate kwa pupa."

Maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyomfundisha. Sauti haikuwa yake. Ilinong'ona nyuma ya shingo yake.

Akageuza usukani.

Kwiiii... Springi zikalia. Nyuma ikadidimia ghafla, uzito wa magunia manne, si wa msichana. Matairi yakauma barabara, gari likanyooka. Ndani kukanuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo.

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma aliona mgongo. Mtu alikuwa ameketi kwenye bodi ya nyuma, ameegemea kibini, nywele zimemganda shingoni kwa maji.

"Mama yangu..." alinong'ona, kama alivyokuwa akimwita binti yake.

"Usigeuke. Tazama barabara."

"Nisamehe, mama."

Wipa zikaenda, zikarudi.

"Shangazi analala wapi, Baba?"

Hakujua.

"Mwambie Mama. Mimi sishuki mpaka umwambie, na Shangazi apatikane."

Alimwambia mkewe mlangoni kwao, kwa pumzi moja, maji yakimchuruzika kidevuni. Viti, magunia, usingizi, yote. Alitegemea kofi. Alitamani kofi. Mkewe alimtazama tu, kama mtu anayetafuta sura aliyowahi kuijua.

"Miezi minne," alisema. "Na wifi yangu niliyemtemea mate?"

Taratibu akamwambia ni binti yao aliyemtuma, na kwamba amekuja naye.

"Yuko wapi mwanangu?"

Akanyoosha kidole kwenye pikapu.

Mama yule alitoka pekupeku kwenye mvua, akapanda nyuma ya pikapu, akaketi kwenye bati lililolowa. Bodi ilikuwa imekaa chini tangu kule kwenye kona. Haikudidimia zaidi hata inchi. Kutoka mlangoni Taratibu alimsikia akinong'ona. Akanyamaza, kama anayesikiliza. Kisha akasema, "Ndiyo, mwanangu. Najua. Najua," akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

Taratibu akatoa mguu mmoja nje.

"Wewe usije."

Hakuweza kujua ni yupi kati ya wale wawili aliyesema.

Alfajiri wakatoka kwenda kumtafuta shangazi, mvua ikinyesha vilevile. Mkewe alikataa kukaa mbele, akaketi nyuma na mwanawe. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, na pikapu, bila gunia hata moja, haikuyumba hata mara moja.