Mama wa Kambo wa Saa Kumi na Mbili

Kila siku jioni, ilipokaribia saa kumi na mbili, kazi zote katika nyumba ile zilisimama. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na kufunikwa, sare za shule zimeanikwa uani, na binti wa miaka kumi na miwili ameketi sakafuni mbele ya televisheni. Hakuna aliyewahi kumpokonya rimoti mkononi, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Rimoti. Mdogo wake wa miaka minne, aliyeitwa Pilipili kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, alijilaza mapajani kwake akiuliza maswali. Shangazi yao, dada mkubwa wa baba, alivuka kutoka nyumba ya jirani akiwa amebeba kiti chake mwenyewe.

Rimoti aliijua tamthilia ile kama anavyoijua njia ya shule. Tajiri lazima awe na siri. Mtumishi wa ndani lazima aibe. Mtu wa shamba lazima awe mjinga ili watu wacheke. Yatima ni mpole, na hulia machozi bila kutoka makamasi. Na mama wa kambo ana sauti nzito na nyusi zilizopanda juu, kinanda hunguruma kila anapoingia, na mtazamaji ajue kwamba balaa limefika.

Sasa nyumbani kwao nako kulikuwa na mama wa kambo. Mama yao mzazi alifariki miaka mitatu nyuma, na baba, dereva wa lori la safari ndefu, alikuwa ameoa tena miezi michache iliyopita. Aliwaambia watoto wamwite mke wake Mama Mdogo. Alikuwa mwanamke mrefu, si mwepesi wa kucheka, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alitoka alfajiri na kurudi alasiri akinukia hamira, mikono yake imejaa makovu ya moto. Hakuwahi kumpiga mtoto wala kumnyima chakula. Lakini pia hakuwakumbatia, na Rimoti alilihesabu hilo.

Shangazi naye hakusaidia. Mama wa kambo wa kwenye televisheni alipofanya jambo baya, shangazi alimgusa Rimoti begani na kunong'ona kwamba wote ni wamoja, hao wanaoigiza wanatuonyesha yaliyomo duniani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mimi nimenyamaza tu kwa ajili ya ndugu yangu."

Wiki moja Pilipili akaanza kulia sikio la kushoto. Mama Mdogo aliomba ruhusa kazini, akampeleka zahanati. Waliporudi, Rimoti alichungulia jikoni akamwona Mama Mdogo amempa mgongo, anamimina maji yaliyochemshwa na kupozwa kwenye kichupa chenye unga mweupe. Akakifunga, akakitikisa, akakiinua juu kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama kwa makini.

Moyo wa Rimoti ulimlipuka paa. Siku tatu tu zilizopita mama wa kambo wa saa kumi na mbili alikuwa amefanya vilevile: unga mweupe, maji, chupa, na yatima akaanguka. Hakuuliza kitu. Angeuliza, angeambiwa kwamba dawa nyingi za watoto huja zikiwa unga na huchanganywa na maji nyumbani. Ilikuwa imeandikwa hata kwenye karatasi ya chupa, naye alijua kusoma vizuri tu. Lakini mtu aliyekwisha kujua jibu hasomi.

Mama Mdogo alimwita, akamweleza polepole. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, kwa siku saba, hata kama mtoto ataonekana amepona. Cha mchana kitakuwa juu ya Rimoti akirudi kutoka shule, maana Mama Mdogo mwenyewe atakuwa kazini.

Kesho yake mchana Rimoti aliimwaga dawa yote kwenye mfereji wa maji machafu. Akaiosha chupa, akatia maji, sukari na unga kidogo wa ngano, akaitikisa mpaka ikafanana na ile ya kwanza. Kila siku aliibadilisha ili isichache. Kila asubuhi na jioni Mama Mdogo alipima kijiko kwa uangalifu, akamnywesha mtoto maji ya sukari. Rimoti alimtazama akajiona shujaa aliyemwokoa mdogo wake bila mtu kujua. Homa ilikuwa ikipanda, na kila ilipopanda alijiambia kuwa ile sumu ya siku ya kwanza ndiyo inayomtoka.

Siku ya tano tangu dawa imwagwe, Pilipili hakusema neno tangu alipoamka. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba na kuwa pekundu, hata sikio likasukumwa mbele. Alasiri macho yake yakageuka juu, mwili ukaanza kukakamaa na kutetemeka. Mama Mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, alimnyakua, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka mbio. Kandambili moja ilimtoka mguuni njiani, hakugeuka kuichukua. Rimoti alikimbia nyuma yake. Hakuna kinanda kilichonguruma. Alisikia pumzi za yule mwanamke tu, na mguu mmoja mtupu ukigonga changarawe.

Hospitalini daktari, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza kama mtoto amekuwa akinywa dawa aliyopewa zahanati. Mama Mdogo alijibu kwamba hajakosa hata kijiko. Rimoti alikuwa amesimama hapo hapo. Alitazama sakafu.

Shangazi alifika nusu saa baadaye, naye hakuja kimya. Aliwaambia wauguzi, wagonjwa na kila aliyekuwa na masikio kwamba mtoto amelishwa sumu na mama wa kambo. Asubuhi baba aliingia moja kwa moja kutoka safarini, macho mekundu, vumbi limemjaa shingoni, na maneno ya kwanza aliyoyasikia yalikuwa ya dada yake. Aliuona uvimbe wa mwanawe kupitia mlango wa wodi, akaona mke wake amesimama pale bila chozi. Akamwambia atoke mbele ya macho yake.

"Nimempa dawa kama nilivyoelekezwa," alisema Mama Mdogo. "Sina jingine la kusema." Akaondoka, mguu mmoja bado mtupu.

Katika tamthilia hapo ndipo watu hupiga makofi. Rimoti aliisubiri ile furaha. Haikuja.

Kisha daktari akatoka wodini. Alionekana amechoka na alisema kwa sauti ya chini.

"Mnanipa habari mbili. Mmoja anasema mtoto amekunywa dawa bila kukosa, mwingine anasema amekunywa sumu. Kama ni sumu, matibabu yake ni mengine. Kama ni sikio lililooza hadi ndani kwa kukosa dawa, matibabu yake ni mengine kabisa. Siwezi kukisia, na mtoto hana muda. Nani anaujua ukweli?"

Baba alimtazama shangazi. Shangazi akarudi nyuma hatua moja.

Rimoti alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemgundua. Chupa ilikuwa nyumbani, angeweza kuiosha. Akafikiri juu ya Pilipili aliyelala ndani bila kuuliza swali hata moja, akasema:

"Hakunywa sumu. Wala dawa hakuinywa ila ile ya mwanzo tu. Niliimwaga. Nilimpa maji ya sukari na unga, siku zote tano."

Daktari hakumgombeza. Aliuliza kama anasema kweli, na kama kuna kitu kingine chochote kilichotiwa mle chupani. Rimoti akasema hapana. Daktari akageuka na kurudi wodini karibu akikimbia, huku akiwaita wauguzi.

Baba hakumpiga. Laiti angempiga, Rimoti aliwaza baadaye. Baba alikaa chini sakafuni, palepale kwenye ujia, dereva mkubwa mwenye mabega mapana, akajifunika uso. Alipoinuka alikwenda getini. Mama Mdogo alikuwa bado yupo, ameketi juu ya jiwe karibu na kibanda cha mlinzi. Baba alianza kuomba radhi, naye akamkatisha kwa swali moja: mtoto yu hai?

Pilipili alikuwa hai. Walimpasua nyuma ya sikio, wakatoa usaha, na kwa siku kumi na moja alitundikiwa dawa ya mshipa. Mama Mdogo alilala chini ya kitanda chake siku zote hizo, na kule tanurini nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Shangazi hakuomba radhi kwa mdomo. Alikuja kila asubuhi kuchukua nguo chafu, akazifua, akazirudisha zimekunjwa, na alikuwa akiziweka karibu na mlango bila kuingia.

Siku ya kutoka, daktari aliwaeleza wazazi kwamba uhai umebaki, lakini sikio la kushoto halitasikia tena.

Nyumbani, Rimoti alimkuta Mama Mdogo jikoni akimenya viazi. Alisimama mlangoni muda mrefu. Mwishowe akapiga magoti na kuomba msamaha, na wakati huu machozi yalitoka pamoja na makamasi. Akaeleza yote: unga mweupe, chupa iliyoinuliwa dirishani, yule mwanamke wa saa kumi na mbili.

Mama Mdogo aliendelea kumenya mpaka akamaliza kiazi alichokishika.

"Inuka," alisema. "Nimekusamehe, lakini sitakudanganya kwamba hainiumi. Nilikuwa nikipima kile kijiko kwenye mwanga ili kisipungue hata tone, na kumbe nampa maji."

Akachukua kiazi kingine. "Yule mwanamke wa kwenye televisheni ameandikiwa. Kuna mtu amekaa mezani akaamua awe mbaya tangu siku ya kwanza, ili usichoke kutazama. Anayeitwa mtumishi akaandikiwa wizi, wa shamba akaandikiwa ujinga. Ni rahisi hivyo, maana mtazamaji hahitaji kuuliza. Mimi sikuandikwa na mtu. Nina sauti hii kwa sababu ndiyo niliyozaliwa nayo. Ukitaka kujua nina nini moyoni, niulize. Ukiona unga, uliza ni unga gani. Kuuliza hakumuui mtu, mwanangu. Kudhani kumekaribia kutuulia mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mwanangu.

"Na jambo moja zaidi," alisema. "Atakapokua atauliza kwa nini sikio lake moja limekufa. Baba yako hatamwambia, wala mimi. Utamwambia wewe, na utamwambia kweli, kama ulivyomwambia daktari. Ukweli wako ulichelewa siku tano, lakini ndio uliomwacha hai."

Rimoti aliitikia kwa kichwa, akachukua kisu, akakaa kando yake kumenya viazi. Nje uani Pilipili alikuwa ameanza tena kuongea na kila kitu, na ndoo na kamba na jua. Rimoti alimwita kwa jina. Hakugeuka. Akaweka kisu chini, akazunguka hadi upande wa kulia, akachuchumaa, akamwita tena.