Viatu Vilivyombana Taisia

Krrr! Sauti ilikwaruza giza la alfajiri kabla taa za uwanja hazijawashwa. Ikafuata nyingine. Krrr!

"Nani anayekwangua barafu kama sufuria ya uji ulioungua?" Raisa Genadyevna, kocha wao, aliuliza kutoka mlangoni huku akipapasa ukuta kutafuta swichi.

Taa zilipowaka, wawili tu ndio walioonekana katikati ya barafu, wameshikana mikono. Mmoja alikuwa Taisia, msichana wa miaka kumi na mitatu. Mwingine alikuwa Demyan, aliyemzidi mwaka mmoja. Hao ndio waliokuwa mabingwa wa vijana wa mji wa Perm, nchini Urusi, katika densi ya barafuni, na Jumamosi ijayo wangelitetea taji lao.

"Ni mimi, Raisa Genadyevna," Taisia alisema. "Chuma cha kiatu kimekuwa butu."

Alisema uongo. Kile chuma chembamba cha kutelezea chini ya kiatu kilikuwa kikali, kimenolewa juzi tu. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vimejikunja ndani ya kiatu, vikisukumana kama watu kwenye mlango mwembamba. Tangu kiangazi miguu yake ilikuwa imekua, lakini viatu vilikuwa vilevile. Kila alipouegemea mguu wa kushoto, maumivu yalipanda hadi gotini. Naye alitabasamu, kwa sababu mcheza densi hutabasamu.

Angemwomba mama viatu vipya, lakini aliogopa. Mama angemuuliza kocha, na kocha angejua jinsi Taisia anavyorefuka. Varvara, rafiki yake, alirefuka hivyohivyo, na mvulana aliyekuwa akicheza naye akapewa msichana mwingine, mfupi. Wavulana wa densi hii ni wachache mno. Varvara alikaa benchi majira yote ya baridi, kisha hakuja tena. Kwa hiyo kocha alipowasimamisha ukutani kuwapima, Taisia alikunja magoti ndani ya suruali yake pana. Usiku alilala akiomba asirefuke, na asubuhi alijitazama kwenye kioo kwa hofu.

Wenzao walianza kuingia, wakipuliza mikono kwa baridi.

"Mlingoti umewahi!" Zlata alimpigia kelele Taisia, aliyekuwa amempita Demyan kimo, huku akifunga kamba za viatu vyake. "Bendera yako iko wapi? Aa, ile pale chini! Leo hakuna upepo!"

"Bendera hii ina taji," Demyan alimjibu. "Yako ina nini? Makamasi?"

Wote wakacheka. Taisia naye alicheka, ila alikunja magoti kidogo.

Muziki ulianza. Walizunguka uwanja bega kwa bega, wakaongeza kasi. Demyan alimvuta ili amzungushe, na uzito wote ukaangukia mguu wa kushoto. Mguu ulikataa. Taisia alianguka na kumburuta Demyan, na chuma cha kiatu chake kikapita karibu sana na shavu la mvulana huyo.

Muziki ulizimwa. Kocha alikuja mbio.

"Umeumia?"

"Hapana, nimeteleza tu."

"Hapa wote tunateleza, ndiyo kazi yetu. Vua kiatu."

Taisia hakusogea. Demyan alipiga magoti, akamfungulia kamba, akavuta kiatu taratibu. Soksi ilikuwa imegandana na damu, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Raisa Genadyevna alikilinganisha kiatu na ule mguu.

"Tangu lini?" Demyan aliuliza.

"Tangu shule zifunguliwe."

"Ala! Na mimi siku zote najiuliza mikono yangu ina kasoro gani! Nilifikiri nakushika vibaya. Nafanya mazoezi nyumbani na kiti, dada yangu ananicheka, kumbe wewe unajua!"

"Wangekupa mwingine, Demyan! Kama Varvara alivyoachwa!"

Demyan aliteleza hadi ukingoni mwa uwanja. Akauegemea ukingo na kuwapa mgongo.

Kocha aliketi kando ya Taisia, palepale barafuni. "Sitakudanganya," alisema. "Yaliyompata Varvara hutokea, na yanaumiza. Lakini mimi na mume wangu, Lev Arkadyevich, tulikuwa mabingwa wa nchi kwa miaka mingi. Umetuona tukisimama pamoja. Nani mrefu?"

"Wewe," Taisia alinong'ona.

"Mimi. Walituambia tuachane. Tulibadilisha namna ya kushikana, namna ya kunibeba, tukaendelea. Ila kila asubuhi, kabla ya kukanyaga barafu, tuliambiana panapouma. Mwenzako hawezi kuushika mwili unaomdanganya, Taisia. Ukificha kidonda, unajiumiza wewe, na unamwangusha anayekuamini. Urefu wako nitaushughulikia, maana kazi hiyo naijua. Uongo wako siwezi kuupangia densi."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hamchezi."

Mama aliitwa. Alilia alipouona ule mguu, kisha akagomba, kisha akampeleka hospitali. Siku iliyofuata vilinunuliwa viatu vyenye nafasi ya vidole. Raisa Genadyevna alimpima Taisia upya, safari hii magoti yakiwa yamenyooka, akaanza kuwapangia densi mpya.

Jumamosi Taisia alikaa jukwaani, mguu umefungwa bendeji. Hakujua kama Demyan angekuja. Alikuja, akaketi bila salamu. Wakawatazama Zlata na mwenzake wakivishwa taji lililokuwa lao.

"Wamecheza vizuri," Demyan alisema hatimaye.

"Umenikasirikia bado?"

"Sana," alisema. "Lakini mwingine simtaki. Nataka kujua ninayemshika."

Taisia alimgeukia. Alipaza sauti hadi watu wa mbele wakageuka.

"Demyan, nakuahidi. Kabla hujanishika mkono, nitakwambia panaponiuma. Hata ikiwa siku ya fainali. Hata ukiniambia, 'Basi, leo hatuchezi.'"