Beni wa Alhamisi

"Halo! Halo! Ni kwa duka ya Gitonga?"

"Ndiyo, sema."

"Mwambieni Fancy, mama Kemoi, Alhamisi asisahau Beni. Siku ile ingine alikuja bila Beni akakaa tu bure. Bila Beni hatuwezi kufanya kitu."

"Beni?"

"Ee, Beni! Na asimwambie bwana yake. Huyo mtu ana maneno mingi."

Simu ikakatika. Na huyo mtu wa maneno mingi, ndugu zangu, ni mimi, Johana.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, hapa Merigi. Simu ya Gitonga ndiyo tulikuwa tunategemea sisi wote, na siku hiyo niliichukua tu kwa sababu mwenyewe alikuwa amepanda ngazi kushusha sabuni.

"Johana, kuna matanga?" Gitonga akaniuliza kutoka huko juu.

"Hapana. Nipe kiberiti."

"Nimekupa kiberiti sasa hivi, uko nacho mkononi."

Nikatoka bila kuaga.

Mjue kwanza mambo yalivyokuwa. Fancy ni mke wangu. Kwa miaka miwili alikuwa analia mgongo. Akichuma chai kidogo, mgongo. Akiinama kukamua ng'ombe, mgongo. Nikampeleka kupigwa eksirei, daktari akasema mifupa iko sawa, hakuna kitu. Tukiwa bado njiani nikamwambia, "Umesikia? Hakuna kitu. Basi wacha uvivu." Tangu siku hiyo hakunitajia mgongo tena. Akaanza tu kwenda kanisani kila Alhamisi, ati kuna mkutano wa kina mama, na kila Alhamisi anarudi uso umechangamka. Sasa wewe ungefikiria nini?

Jioni hiyo nikamchokoza.

"Mama Kemoi, Alhamisi unaenda?"

"Naenda kwa kina mama."

"Ni kina mama peke yao?"

"Ulitaka kuwe na nani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni mtu wa kubaki nyumbani."

Akaacha kusonga kimyet, ugali wetu wa huku, akaniangalia.

"Johana, kama una neno, liseme."

"Sina neno."

Nilikuwa nalo, na lilikuwa linanichoma kama pilipili.

Asubuhi, alipoenda kukata majani ya ng'ombe, nikapekua nyumba yote. Ndani ya debe la unga, chini kabisa, nikapata kitabu cha shule. Nikafungua. Jumatatu 8. Jumanne 4. Jumatano 6. Alhamisi 3. Chini ya kila namba kulikuwa na maneno madogo ya wino, lakini nikasikia mlango wa boma unalia, nikakirudisha haraka. Hata hivyo namba zilinitosha. Jumatatu saa nane, Jumanne saa nne! Weee! Mke wangu ana ratiba ya Beni!

Jumatatu nikamdanganya naenda Bomet kutafuta vifaa vya pampu. Nikazunguka kwa mto, nikaingia shambani kwetu kutoka chini, nikachuchumaa katikati ya chai. Ilipokaribia saa nane, Fancy akatua kikapu. Akaangalia saa ya mkononi.

Nikajiambia, "Anangoja. Huyo anangoja mtu!"

Akalala chini kati ya mistari ya chai, ubavu mmoja, magoti amekunja, akaziba mdomo na leso. Nikasema anajificha asionekane na majirani. Baadaye akainua kichwa, akaangalia upande wangu kwa muda mrefu, kisha akalala tena. Beni hakuja. Mimi miguu ikafa ganzi, siafu wakanipanda, nikatoka kule nikitambaa kama mtoto.

Nikaenda moja kwa moja kwa Gitonga.

"Alhamisi nitamshika na mtu wake. Ijumaa anarudi kwao Chebunyo."

"Umemuuliza lakini?"

"Mwizi anaulizwa?"

"Ee, anaulizwa," Gitonga akasema. "Hata polisi huuliza."

Nikavaa kofia yangu, nikatoka.

Alhamisi nikamfuata kwa mbali. Akaingia kwenye ukumbi wa kanisa, mlango ukafungwa. Nikahesabu mpaka ishirini, nikausukuma kwa bega.

"Beni atoke!"

Ndani kulikuwa na kina mama kama kumi, mzee mmoja mwenye bakora, na sista wa zahanati, Nyathira, amesimama mbele ya ubao.

"Beni yupi, baba?" sista akauliza.

"Wanamjua! Beni wa Alhamisi!"

Jirani yetu Chepkirui akasimama polepole. Nikaitambua ile sauti ya kwenye simu.

"Kumbe ni wewe ulishika simu siku ile nilipiga nikiwa Bomet? Mimi nilisema Beni! Beni! Hii hapa!"

Akainua mkono juu. Alikuwa ameshika biro.

"Anasema peni," sista akanieleza taratibu. "Peni ya kuandika."

Mnajua sisi watu wa huku. Kwetu B na P ni mapacha, hata mama yao huwachanganya. Ukumbi ukalipuka. Yule mzee alicheka mpaka akashika kiuno, "Uui, mgongo wangu! Uui!" na bado anacheka. Fancy peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia tu.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaendelea kujizika.

"Na zile saa kwa kitabu? Jumatatu saa nane?"

"Si saa," sista akasema. "Ni uchungu. Sifuri ni hakuna. Kumi ni ule huwezi kuvumilia."

"Lakini eksirei ilisema hana kitu!"

"Eksirei inapiga picha ya mfupa. Uchungu haipigi. Watu wa utafiti waliotufundisha wanasema uchungu ukikaa sana, mwili unauzoea. Umewahi kuwa na mbwa aliyembwekea mwizi, na mwizi akaenda, na mbwa akaendelea kubweka usiku wote?"

"Nimewahi."

"Basi mwizi hayuko, lakini kelele ni ya kweli. Hapa kila mtu anaandika ajue nini kinamwamsha mbwa wake, na nini kinamtuliza. Fancy amegundua akichuma nusu saa, apumzike kwa kuangalia saa, halafu arudi, anamaliza siku."

Kwa kuangalia saa. Kumbe ndiyo ile saa ya mkononi.

Fancy akainuka, akaniwekea kitabu mkononi.

"Soma."

"Mama Kemoi, twende nyumbani tuongee."

"Soma kwa sauti. Si ulikuja na sauti?"

Nikasoma.

"Ijumaa, nne. Nimechuma na kupumzika. Nimeweza. Jumamosi, saba. Johana hanisemeshi. Sijui nimekosa nini. Jumapili, saba. Sijalala."

"Endelea."

"Jumatatu, tisa. Nimelala kwenye chai. Nimeona kofia ya Johana kule chini. Nimefurahi. Nimejua amekuja kunibebea kikapu. Nimengoja." Nikageuza ukurasa. "Ameenda."

Hakuna aliyecheka tena.

"Ulidhani nangoja mwanaume," Fancy akasema.

"Ndiyo."

"Ni kweli nilikuwa nangoja mwanaume. Nilikuwa nakungoja wewe."

Aki nililia. Mtu mzima, mbele ya kina mama, nililia. Nikanyoosha mkono nimshike, akarudi nyuma.

"Leo siendi na wewe. Nasikia ulisema huko dukani Ijumaa nirudishwe Chebunyo. Nitajipeleka mwenyewe."

Akaenda, na mtoto wetu Kemoi akabebwa mgongoni na Chepkirui mpaka kwenye stendi, kwa sababu Fancy hangeweza kumbeba.

Hiyo wiki nilichuma chai peke yangu. Siku ya tatu kiuno kiliniuma mpaka nikafunga viatu nikiwa nimelala. Nikatafuta karatasi, nikaandika: Jumatatu, tano. Jumanne, sita. Alhamisi nikaenda ukumbini mapema, nikakaa benchi ya nyuma na biro yangu mpya. Alhamisi ya pili nikafanya vilevile. Ya tatu, mlango ukafunguka, akaingia Fancy.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Naandika. Nimefika sita."

"Sita ya wiki tatu," akasema. "Mimi nina ya miaka miwili."

"Najua. Sikuamini. Nisamehe, Fancy."

Halafu akakaa, si karibu na mimi, lakini benchi ni ile ile.

Sista hakumponya, wala hakuahidi kumponya. Kuna wiki nzuri na kuna wiki mbaya mpaka leo. Ila kikapu kikijaa sasa nakibeba mimi, na jioni namuuliza.

Jioni ile ya kwanza aliporudi nyumbani alikuwa amesimama mlangoni, amejiegemeza kwa mkono, uso wake hauonyeshi kitu. Zamani ningesema mbona unaonekana mzima.

"Leo ni ngapi?" nikauliza.

"Saba."

"Sawa. Saba."

Akaniangalia, anatafuta kama kuna neno lingine nyuma yake. Hakukuwa na lingine. Akatoa kile kitabu kwenye debe la unga, nilimokirudisha, akakipangusa, akanipa.

"Mkono umechoka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukumbi nikaona anajizuia kucheka. "Muite Beni, uniandikie."