Jina la Cornel Kwenye Friza ya Mama

“Afande, friza imekufa.”

“Imekufa au imezima?”

“Imekufa. Nimeshaipiga hadi mateke.”

Cornel aliegesha bunduki mlangoni, akaingia kwenye nyumba ya watafiti hapo Mikumi. Dokta Aneth alikuwa amepiga magoti mbele ya friza, amekumbatia mifuko ya nailoni yenye kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi. Usikunje pua mapema, msomaji, maana mapenzi haya yamepita humo humo.

“Zikiyeyuka inakuwaje?” Cornel aliuliza.

“Bakteria wanaila homoni. Nikija kupima, nitaambiwa tembo wa barabarani wametulia kama wako harusini, kumbe wana msongo mpaka basi. Kiangazi chote nilichokusanya kinaisha leo.”

“Mabucha ya mjini yana friza.”

“Nani atakubali kinyesi juu ya nyama yake, Afande?”

Cornel alivua kofia, akaikung’uta ingawa haikuwa na vumbi.

“Kilosa kuna friza. Unaijua.”

Aneth aliijua sana.

Mtafiti haruhusiwi kutembea hifadhini bila askari mwenye silaha, na mkuu wa kituo, bila kujua alichokuwa anakichokoza, alimpangia Aneth askari Cornel. Wote wawili walisema “tumeshawahi kuonana,” wakaishia hapo. Tangu siku hiyo Aneth akawa Daktari na Cornel akawa Afande. Ungewasikia usingeamini kwamba miaka saba nyuma Cornel alikuwa akimwita Ane, na kwamba suti ya harusi ilikuwa imeshapimwa kwa fundi.

“Twende,” Aneth alisema. “Lakini ni kwa ajili ya sampuli tu.”

“Sijasema vingine.”

Walipanga mifuko kwenye deli la kutunzia baridi, wakashika njia ya Kilosa. Walipopita kijiji cha Ulaya, Cornel alicheka peke yake.

“Nini?”

“Nilipoambiwa umekwenda Ulaya, nilitamani iwe hii. Ningekufuata kwa baiskeli.”

Aneth aligeukia dirishani ili asionekane anatabasamu. Mashamba ya mkonge yalianza kuonekana, na moyo wake ukaanza kumsumbua. Kila kitu kilikuwa kinamrudisha nyuma: harufu ya udongo, vitunguu barabarani, na kwa mbali paa la stesheni ya zamani, walikokuwa wakikaa jioni wakinyonya barafu za ubuyu za mama yake Cornel huku Aneth akimfundisha mambo ya maabara.

“Bado unatumia ile dawa inayobadilika rangi?” Cornel aliuliza.

“Kimeng’enya. Bado. Rangi ikipauka, ujue homoni ni nyingi.”

“Na homoni inapita mwili mzima, lakini inasikika pale tu penye kipokezi chake.”

Aneth aligeuka. “Unakumbuka?”

“Nilidhani ulikuwa unanisema mimi. Kwamba nina kipokezi chako.”

“Nilikuwa nakusema wewe.”

Kisha Aneth akajikaza.

“Cornel, tuache ya zamani. Jumatatu naondoka.”

“Kwenda wapi?”

“Pretoria. Nimepata kazi kwenye maabara.”

“Utarudi lini?”

“Sina sababu ya kurudi.”

Cornel alikaza macho barabarani.

Mama Katarina walimkuta uani, anajaza maji ya ubuyu kwenye vifuko. Alikuwa amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Alipomwona Aneth alisimama taratibu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” alisema, na mkono hakuutoa.

“Mama, friza ya kazini imeharibika,” Cornel alisema. “Tunaomba nafasi kwenye ile ya nyuma. Hadi Jumatatu, Daktari aondoke nazo kwenda maabara.”

“Vitu gani?”

“Sampuli tu.”

Mama alifunua deli mwenyewe. Alichukua mfuko wa juu, akausogeza karibu na miwani. Uliandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa: CORNEL. Mfuko ukamponyoka.

“Umerudi nayo tena?” Mama alimgeukia Aneth. “Mwanangu hajaoa hadi leo, bado haijakutosha?”

“Haijamtosha nini, mama?” Cornel aliuliza.

“Mwulize yeye. Alichukua kinyesi, akakiandika jina lako, akakugandisha humu ndani kwangu. Akaniambia ni vitu vya shule. Nilikikuta natafuta barafu za wateja. Limbwata la kumfunga mwanaume nimelisikia la chakula, nimelisikia la nguo. Hili la friza niliona kwa macho yangu.”

Aneth alitazama mfuko chini, akamtazama mama, akamtazama Cornel.

“Mama,” alisema polepole, “Cornel ni tembo.”

“Nani ni tembo?”

“Huyo wa kwenye mfuko. Sisi watafiti tunawapa tembo majina ili tusiwachanganye. Tazama. Huyu Bonifas, tembo. Huyu Joha, tembo, ana mtoto mdogo.”

Mama aliokota mfuko mwingine. “Na huyu Doris? Doris si mke wa mchungaji?”

“Tembo, mama.”

Mama Katarina alikaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu, bahati nzuri ilikuwa imefunikwa.

“Mama,” Aneth alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. “Ulipoziona zile sampuli za mwanzo, miaka saba nyuma, ulifanya nini?”

“Si nilikwambia, umeme ulikatika.”

“Uliniambia umeme ulikatika, na kwamba Cornel ndiye aliyesema zitupwe, amechoshwa na uchafu wangu.”

“Mimi?” Cornel alisogea. “Mimi nilisema hivyo?”

Mama aliinamisha kichwa. “Nilizimwaga mto Mkondoa. Zote. Niliogopa kukwambia ukweli, mwanangu, maana mtu aliyefungwa ukimwambia anakasirika zaidi. Nikamwambia yeye umechoka naye. Na wewe nikakwambia amepata mtu huko Dar, amesema usimtafute.”

“Nilimpigia kila siku, mama. Ulikuwa unaniona napiga.”

“Nilikuwa nakuona.”

“Ukanyamaza?”

“Nilidhani nakuokoa.”

Aneth hakusikiliza zaidi. Alitoka getini, akashika njia ya stesheni bila kufikiri, miguu ilikuwa inaijua yenyewe. Cornel alisimama kati ya mama yake na deli. Kwanza aliingiza mifuko yote kwenye friza, akafunga mfuniko. Ndipo akamfuata.

Alimkuta kwenye benchi lao, analia waziwazi.

“Nilikubloku,” Aneth alisema. “Nililia, nikakubloku, nikasema mwanaume anayetupa kazi yangu atanitupa na mimi. Sikukuuliza hata neno moja.”

“Na mimi sikuja Dar. Nilisema kama ana mtu, nitakwenda kusimama mlangoni kwake kama nani?”

“Tulikuwa wajinga.”

“Tulikuwa tunapendana. Ndiyo maana iliuma hadi tukashindwa kuulizana.”

Alikaa pembeni yake. Reli ya zamani ilikuwa imeota majani, na wote wawili waliitazama kama vile kuna treni inakuja.

“Ane, kwa nini uliniita tembo?”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu arudi. Aneth alifuta macho kwa kiganja.

“Kwa sababu ya tabia yake. Kundi likivuka barabara kuu, malori yanapiga honi, wenzake wanakimbia. Yeye anasimama hadi wa mwisho avuke. Ukimwona utasema hana wasiwasi wowote. Lakini nikipima, ndiye mwenye homoni ya msongo nyingi kuliko wote. Kwa nje hutajua.”

“Hata mimi usingejua,” Cornel alisema. “Nilikuwa nakuja hapa kila likizo. Nakaa. Narudi Mikumi.”

Aneth alimshika mkono.

“Jumatatu bado naondoka,” alisema mwishoni. “Mkataba nimeshasaini.”

“Nenda. Kazi yako ilishazuiwa mara moja nyumbani kwetu, haitazuiwa tena. Ila safari hii niache nikupigie.”

Jumapili, Aneth akiwa kwa baba yake kijijini Msowero anafunga mizigo, kwenye simu ya Cornel uliingia ujumbe wake.

“Mama yako yuko hapa kwetu.”

“Msowero? Amefuata nini?”

“Amekuja na bodaboda. Amevaa kitenge kipya.”

“Ane, usinitanie.”

“Baba amemuuliza mshenga yuko wapi. Anasema aliyeharibu ndiye anayetakiwa kuja, hawezi kumtuma mtu.”

Cornel alikuwa zamu getini. Alisimama kwenye jua kali, akishindwa hata kukaa.

“Amesema nini kingine?”

Ujumbe ulichelewa. Kisha ukaja.

“Amepiga magoti, mama mtu mzima yule, mbele ya baba yangu, Mzee Beda. Amesema, nimekuja kuomba nilichokitupa. Baba amemwinua. Wote wawili wanalia, mimi ndiyo usiseme.”

“Na baba amejibu nini?”

“Amesema mimi ndiye wa kujibu.”

“Na wewe?”

“Nimesema Desemba nina likizo. Suti yako kama bado inakuenea.”

Jumatatu asubuhi, stesheni mpya ya treni ya umeme Kilosa ilikuwa imejaa abiria wa Dar es Salaam. Cornel alibeba sanduku. Aneth alibeba deli la sampuli, hakukubali mtu mwingine aliguse. Kabla hawajafika kwenye ukaguzi, Mama Katarina alitokea nyuma yao anahema, mkononi kikapu kimefunikwa kwa khanga.

“Mwanangu, subiri.”

Akafunua khanga. Ndani mlikuwa na barafu mbili za ubuyu, zimekaa kwenye kifuko kimoja na zimegandiana. Moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene, kwa mkono wa mtu asiyeandika mara kwa mara: ANETH. Nyingine: CORNEL.

“Nimewagandisha wote,” alisema. “Sasa tuone nani atakwenda asirudi.”

Aneth alicheka hadi machozi yakamtoka, akamkumbatia mama mkwe wake mbele ya abiria wote. Tangazo la treni likasikika. Alijaribu kuzitenganisha zile barafu ampe Cornel ya kwake, zikagoma.

“Chukua zote,” Cornel alimwambia. “Utanila njiani.”